Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kibaba!

Kina kilima juu, au kimefutwa?

— Hatujui, bibi!

Hamjui. Hata wenyewe hawakujua, na ndiyo ngano yangu ya leo. Sogeeni. Wewe Sijaona, hizo karanga za ungoni nimekupa umenye, sikukupa ule, nakuona. Tabu, mpishe mwenzio mkekani. Nikifika kwenye wimbo mtaitikia, "Beba, mzee, beba." Mmesikia?

— Tumesikia!

Haya. Hapo zamani, zamani za wanyama kusema na watu kunyamaza, palikuwa na kampuni. Msicheke. Kampuni haikuanza na makoti na viti vya kuzunguka. Watatu wakiweka nguvu zao chungu kimoja, wakafanya kazi pamoja na wakala pamoja, hiyo tayari ni kampuni.

Wa kwanza alikuwa Kanga. Kanga ndege, si kanga ya kiunoni, ingawa wote wawili hawaishiwi maneno. Alikuwa mjane mwenye vifaranga saba, na ndiye aliyejua kupika togwa, kile kinywaji cha nafaka. Wa pili alikuwa Nungunungu, kijana mwenye nguvu nyingi na hasira za bure. Yeye alichota maji na kukata kuni. Wa tatu alikuwa Kobe, mzee wao, mbebaji. Mgongo wake ulikuwa mpana na haukumwaga kitu. Jua likizama, wale vifaranga saba walimwegemea Kobe, wanne upande huu, watatu upande huu, wakalala.

Kila siku ya gulio waliweka chungu chao njia panda ya Mkwajuni. Mwenye kiu alikunywa kata moja, akalipa nafaka. Walichopata walikula, na kilichobaki walitia kwenye kihenge kuwa akiba ya kiangazi. Vifaranga walikuwa na mchezo wa kukigonga kile kihenge. Kikijaa, kilijibu "tu!" Na siku hizo kilikuwa kinajibu "tu!" kila walipokigonga.

Lakini togwa ya Kanga ilikuwa tamu, na utamu ukizidi huleta watu. Akaja Pofu, akaambiwa, "Togwa imekwisha." Akaja Ngiri, akaambiwa, "Togwa imekwisha." Akaja Tumbili na ukoo wake mzima, wakaambiwa, "Togwa imekwisha." Tumbili akatukana, mnamjua Tumbili.

Nungunungu akasema, "Dada, tunafukuza riziki! Nafaka yetu haitoshi. Twende tukakope."

Kobe akauliza polepole, "Kukopa kunagharimu nini?"

Kanga akasema, "Mzee wangu, tutamuuliza mwenye kukopesha. Si atatuambia?"

Mwenye kukopesha alikuwa Bwana Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya mifuko. Alikaa peke yake ng'ambo ya mbuga, chini ya ardhi, na ghala zake zilikuwa nyingi kuliko vyumba vyake. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakasema shida yao.

Buku akasema, "Nitawapa vibaba kumi. Gulio likipita, mnirudishie kumi na kimoja. Kumi ni vyangu, na hicho kimoja ni cha subira yangu. Mkitaka tena, nitawapa tena."

Kanga akapiga hesabu kichwani. Vibaba kumi vikipikwa togwa, huleta kumi na viwili. Lipa kumi na kimoja, kinabaki kimoja. "Kimoja kila gulio!" akasema kwa furaha. "Haba na haba hujaza kibaba!"

Buku akaanza kupima. Akajaza kibaba, akapitisha mkia wake juu, fyu! Kikawa sawa na ukingo, bila punje ya ziada. Hicho ndicho kibaba cha mfuto. Akajaza tena, fyu! Akajaza tena, fyu! Mpaka kumi.

Kobe akabebeshwa. Njia ile ilikuwa tambarare, haina mlima wa kusingizia. Akatembea, akapumzika mara tatu, akafika nyumbani.

Gulio likafika. Pofu akanywa, Ngiri akanywa, ukoo wa Tumbili ukanywa na kuomba radhi. Nafaka iliyoingia ilikuwa vibaba kumi na viwili, kama Kanga alivyosema. Wakapima kwa mfuto, maana wateja nao wana mikia.

Sasa sikilizeni, wajukuu zangu, hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya malezi mema. Kanga alilelewa na mama mwenye adabu zake. Mama yake alimfundisha hivi: chombo cha jirani hakirudi kitupu, na nafaka ya jirani hairudi imefutwa. Mnaijua desturi hiyo. Jirani akikuletea mchuzi, bakuli lake hulirudishi likiwa tupu, hata kama utatia ndimu mbili tu.

Basi Kanga akajaza kibaba cha kumrudishia Buku, akaongeza, akaongeza, mpaka kikawa na kilima juu na punje zikaanza kuteleza. Hicho ndicho kibaba cha tele. Akafanya hivyo mara kumi na moja. Ile nafaka ya gulioni ikaisha kabla hajamaliza, naye akachota kidogo kihengeni kukamilisha vilima vyake. Kisha akapika bakuli la togwa, akalifunika kawa, akasema, "Na hili la asante."

Nungunungu akauliza, "Dada, umehesabu hivyo ulivyochota?"

Kanga akamkata jicho. "Adabu haihesabiwi."

Kobe akabebeshwa, akashika njia, akaimba:

Kibaba, kibaba, tulia mgongoni,
— Beba, mzee, beba!
Kurudi nilipona, kwenda nalemewa,
— Beba, mzee, beba!
Niambie, miguu, mna siri gani?
— Beba, mzee, beba!

Akapumzika mara moja, mara mbili, mara tatu, na bado njia haijaisha. Akapumzika mara saba ndipo akafika. Buku akapokea vile vilima, akavitazama, akavitia mashavuni. Akanywa togwa, gu-gu-gu, akarudisha bakuli tupu. Akapima vibaba kumi vingine, fyu, fyu, fyu, na Kobe akarudi. Kurudi akapumzika mara tatu tu.

Kanga akamuuliza, "Mzee wangu, mbona umechelewa kufika kule?"

Kobe akasema, "Mwanangu, nadhani nazeeka. Kwenda nimepumzika mara saba."

"Na kurudi?"

"Mara tatu. Kurudi nakuja kwenu, na moyo unaisaidia miguu."

Kanga akageuza uso asionekane anavyolia.

Gulio la pili likapita hivyo hivyo. Kumi na viwili viliingia, kumi na kimoja vya tele vikatoka, na bakuli la asante juu yake. Kwenda mara saba, kurudi mara tatu. Vifaranga wakagonga kihenge, kikajibu dum! Kanga akasema, "Nafaka inasinyaa kwa joto."

Gulio la tatu likapita hivyo hivyo, na la nne, na la tano. Kwenda saba, kurudi tatu. Kila jioni Kanga alimkanda Kobe miguu kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo. Nungunungu, pamoja na ukali wake wote, alianza kumtafunia mzee mizizi migumu. Naye Kobe akaanza kuwafundisha vifaranga wimbo wake, na majina ya vichaka saba anavyopumzikia, kama mtu anayegawa urithi.

Gulio la nane lilipopita, malipo yakishapimwa, vifaranga wakagonga kihenge. Kikajibu ngooo.

Wale watatu wakatazamana. Kiangazi kilikuwa bado hakijaanza.

Kobe akasema, "Wanangu, mwenye kosa ni mimi. Miguu imelegea, nayumba njiani, na bila shaka nafaka inamwagika. Nipeni deni hili nilipeleke, kisha msiningoje. Nitabaki kwenye kichaka cha saba. Mdomo mmoja ukipungua, watoto watafika masika."

Kanga alisimama mbele ya Kobe, akatandaza mabawa yote mawili, kama anavyofanya akimwona mwewe.

"Huendi popote," akasema. "Tulipokuwa na nafaka tulikula na wewe. Ikiisha, tutakosa na wewe. Kama miguu imechoka, ikae. Nungunungu atabeba."

Nungunungu akavimba kichwa. "Mimi? Mimi hapo sipumziki hata mara moja!"

Akajitwika kichwani, akaenda akipiga mluzi. Kabla ya kichaka cha kwanza, mluzi ukakatika. Alirudi alasiri, akatupa mzigo chini, miiba imemsimama yote.

"Jamani," akasema, "nimezeeka!"

Kanga akacheka mpaka akakaa. "Umezeeka lini? Juzi umeng'oa kisiki!"

Kobe hakucheka. Akauliza, "Kijana wangu, kwenda umepumzika mara ngapi?"

"Mara saba! Aibu tupu!"

"Na kurudi?"

"Mara tatu."

"Labda ni moyo unaosaidia miguu. Labda unapapenda nyumbani."

"Nyumbani?" Nungunungu akafoka. "Nyumbani ambako nafokewa kuni mbichi, nafokewa maji machafu, na vifaranga saba wananiamsha kabla ya jogoo? Nilikuwa narudi nimenuna!"

Kobe akainua shingo yake ndefu taratibu. "Basi si uzee," akasema. "Wala si mapenzi. Ni mzigo. Kanga mwanangu, lete kibaba. Nipimie vile unavyompimia Buku."

Kanga akapima, akaweka kilima juu. Kobe akapitisha ukingo wa gamba lake, fyu! Kilima kikaangukia kwenye ungo. "Tena," akasema. Kanga akamwaga kilichobaki, akajaza upya kwa kilima. Fyu! "Tena." Fyu! Mara kumi na moja.

Kisha Kobe akasema, "Sasa vipimeni hivi vilima peke yake, kwa mfuto."

Wakapima. Kikajaa kibaba cha kwanza. Kikajaa cha pili. Kikajaa cha tatu.

"Na lile bakuli la asante?"

"Nafaka yake ni kibaba kimoja," Kanga akajibu kwa sauti ndogo.

"Kumi na kimoja, na vitatu, na kimoja. Tunalipa vibaba kumi na vitano. Tunapata vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Vitatu vinatoka wapi?"

Kifaranga mmoja akanyoosha mdomo akagonga kihenge. Ngooo.

Kanga akalia machozi. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyewala watoto wangu, kwa adabu! Kila gulio nakuvunja miguu, mzee wangu, halafu jioni nakukanda!"

Kobe akamsogelea. "Nyamaza, mwanangu. Adabu yako haina kosa. Umeipeleka mlango usio wake tu. Hebu niambie, bakuli letu limerudi na kitu mara ngapi?"

Kanga akafuta macho. "Limerudi tupu. Mara zote."

"Basi Buku alijua tangu siku ya kwanza kwamba hapa hakuna ujirani, kuna biashara. Aliyekuwa hajui ni sisi."

Nungunungu akatikisa miiba. "Niachieni mimi huyo panya! Nikamchome hayo mashavu!"

"Umchome kwa lipi?" Kobe akasema. "Alitutajia kumi na kimoja, na hakuongeza hata punje. Sisi ndio tuliongeza. Kijana, mkopo ni ule ule. Ukigharimu kumi na kimoja, unatulisha. Ukigharimu kumi na vitano, unatula. Siku ile niliuliza kukopa kunagharimu nini, nikajibiwa bei ya Buku. Bei yetu sisi wenyewe, yote inayotoka mlangoni kwa sababu ya deni, hakuna aliyeipima."

Kanga akawaza kidogo, kisha akakunja uso. "Kwa hiyo mzee, kule kurudi upesi haikuwa kutupenda?"

Kobe akacheka, na kicheko cha kobe ni kama kikohozi. "Mzigo ulikuwa mwepesi, siwezi kukataa. Lakini hata ningetwishwa jiwe, ningerudi."

Gulio lililofuata, Kobe alibeba mwenyewe. Vibaba kumi na kimoja, vyote vya mfuto, bila bakuli. Akapumzika mara tatu. Mara ya nne hakupumzika, alisimama tu kucheka. Akaimba:

Kibaba, kibaba, umetulia leo,
— Beba, mzee, beba!
Nilidhani ni kifo, kumbe ni kilima,
— Beba, mzee, beba!

Buku akafungua mlango, akatazama, akanusa. "Kanga anaumwa?"

"Mzima wa afya."

"Mbona vibaba vimefutwa?"

"Ulipotupa, ulifuta."

"Na bakuli?"

"Bakuli ni la jirani," Kobe akasema kwa upole. "Niambie, Bwana Buku, wewe kwetu ni jirani au ni mkopeshaji?"

Buku akajikuna shavu hili, akajikuna shavu hili. "Mkopeshaji," akasema.

"Basi hesabu."

Buku akahesabu, vikatimia kumi na kimoja. Akapima vingine kumi, fyu!

Wakaendelea kukopa hivyo, kwa macho wazi, na kila gulio kilibaki kibaba kimoja kama Kanga alivyoota siku ya kwanza. Kiangazi kilikuwa kigumu, walikula mara moja kwa siku, tena mizizi ya porini ili kibaba hicho kisiguswe, lakini walikula wote watatu na watoto saba. Kihenge kikaanza kusema dum. Magulio kumi yakapita, na kampuni ikawa na vibaba kumi vyake yenyewe vya kupikia. Kobe akapeleka malipo ya mwisho, na safari hii alibeba bakuli lililofunikwa kawa.

Buku akapokea malipo, akahesabu, akaanza kupima mkopo mwingine.

"Hatukopi tena," Kobe akasema. "Leo hatudaiwi. Kwa hiyo bakuli hili halimo kwenye deni. Kanga anakusalimu, jirani."

Buku akaduwaa. Alikuwa amekunywa togwa ile mara nyingi, gu-gu-gu, bila kuionja. Siku hiyo alikunywa funda moja moja. Alipomaliza, akalitazama bakuli tupu, akaangalia ghala zake zilizojaa na nyumba yake isiyo na mtu. Akajua kwamba halipaswi kurudi hivyo.

Akaingia ghalani, akalijaza bakuli mtama. Mkia wake, kwa mazoea, ukainuka juu ya bakuli...

Mnadhani ulifanya nini?

— Fyu!

Mmekosea. Ulisimama hewani. Buku akamwangalia Kobe. Akashusha mkia polepole, akatoa punje shavu la kulia, akatoa punje shavu la kushoto, akaziweka juu kwa mkono wake mwenyewe, mpaka bakuli likawa na kilima.

Siku hiyo Kobe alichelewa kufika nyumbani. Kanga alikuwa amesimama njiani na mafuta ya nyonyo mkononi.

"Umepumzika mara ngapi?" akauliza.

"Mara saba."

"Kurudi? Mzee wangu! Basi ni uzee kweli!"

"Hapana, mwanangu," Kobe akasema, akamwonyesha mgongo wake. "Leo ni tele. Nilikuwa naogopa kuangusha kilima."

Basi wajukuu zangu, kukopa si uchawi, na mkopeshaji si jini. Lakini kabla hujatia nafaka ya mtu kwenye chungu chako, pima kila kitakachotoka kwa ajili yake: kilichosemwa, kisichosemwa, na kile unachoongeza mwenyewe kwa kuona haya. Kisha lipa deni kwa mfuto, na umpe jirani kwa tele.

Ngano yangu nami nimeipima mfuto. Mkiona kilima juu, mmekiweka ninyi kwa kuitikia.

Sasa Sijaona, lete huo ungo. Mama yangu! Karanga nilikupa tele, na wewe unanirudishia mfuto?